Jiko la Diwali na Historia Iliyomo

Katika jimbo la Gujarat, magharibi ya Bara Hindi, sikukuu ya Diwali huangukia usiku wa giza kati ya Oktoba na Novemba, kabla mwezi haujaandama. Usiku huo mfanyabiashara wa Kihindu huviweka vitabu vyake vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema, na kuviombea baraka. Hesabu za namna hiyo humweleza mwanahistoria habari za nguo, karafuu na pembe za ndovu. Lakini nyuma ya chumba hicho kuna jiko ambamo wanawake wamefanya kazi siku kadhaa, na kazi yao haikufunguliwa kitabu. Tutaisomaje?

Yafaa tuanze na kazi yenyewe. Kwa ladu za dengu, samli huyeyushwa katika karai, unga wa dengu ukatiwa, kisha hukorogwa kwa moto mdogo pasipo kupumzika mpaka harufu ya ubichi itoke na rangi ifanane na dhahabu. Mpishi hapimi kwa saa. Huitegemea pua yake. Karai huepuliwa na unga huachwa upoe, kwa maana sukari ikitiwa ungali moto mno huyeyuka, nazo ladu hulegea. Hiliki iliyotwangwa hufuata, kisha viganja hufinyanga. Shira nayo hupimwa kwa vidole viwili: tone likivutwa na kufanya uzi mmoja, imekwisha kuiva. Binti aliyapokea hayo kwa kusimama kando ya mama yake, na baadaye kando ya mama mkwe. Siku hizi nyumba nyingi hununua dukani, na pale asiposimama mtu kando ya karai, elimu hiyo hukatika.

Shahidi wa pili ni maneno. Sukari ni jina lenye asili ya Kisanskriti, lililopita Uajemi na Uarabuni kabla ya kutufikia. Guru katika sukari guru nalo latoka India. Jalebi ilisafiri kinyume. Kitabu cha mapishi cha Ibn Sayyar al-Warraq, kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 10, chaeleza zulabiya, rojo lililokaangwa na kuchovywa katika utamu. Huko India jina la jalebi limo katika maandishi ya Kijaini ya mwaka 1450. Anayedai kwamba vyakula vya Diwali havina cha mgeni, na aitazame jalebi.

Au aitazame korosho. Mkorosho ni mti wa Brazil, ulioletwa India na Afrika ya Mashariki na Wareno katika karne ya 16. Wahindi husema kaju, na watu wa pwani yetu walisema kanju: neno moja la Kireno, bandari mbili. Korosho zilizosagwa, zikasongwa katika shira na kukatwa vipande vyembamba, ndizo kaju katli, ambazo leo ni vigumu kuziwazia Diwali bila hizo. Katika karne ya 20 viwanda vya Kollam, kusini mwa India, vilibangua korosho ghafi za Msumbiji na Tanzania. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi, na sehemu kubwa ilivuka bahari ikiwa na maganda yake. Mkulima wa Newala alichangia karamu ambayo hakualikwa, na ujira wa kubangua ulibaki ng'ambo.

Wahindu wa Kutch waliofanya biashara Unguja katika karne ya 19 kwa muda mrefu waliwaacha wake zao kwao. Kwa hiyo sidhani kwamba mapishi yaliingia visiwani kwa mlango mmoja tu, wa jiko la mke; njia ya soko yafaa nayo ichunguzwe. Hata hivyo ladu ilifika, na haikubaki vile vile. Wapishi wa pwani waliifinyanga kwa unga au ufuta, wakaishikamanisha kwa asali ya miwa, kisha wakaitia pilipili manga, hata mlaji akahisi utamu kwanza, na ukali baadaye, kooni.