Ubunifu ni nini? Somo kutoka kwa jiko la makaa

UBUNIFU ni neno linalotajwa mno katika hotuba, maonyesho na matangazo ya biashara, ilhali aghalabu huchanganywa na uvumbuzi. Kuvumbua ni kugundua au kuunda kitu ambacho hakikujulikana awali. Ubunifu nao ni kukichukua kitu hicho, hata kikiwa kikuukuu, na kukitumia kwa njia mpya inayokubalika na kuenea miongoni mwa watu.

Mwanauchumi Joseph Schumpeter, katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1911, alieleza kwamba kiini cha ubunifu ni kuunganisha upya yale yaliyopo. Matokeo yake huweza kuwa bidhaa mpya, mbinu mpya ya uzalishaji, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi au mpangilio mpya wa biashara.

Mfano mwafaka nchini Kenya ni jiko la makaa lenye kigae cha udongo ndani, lililoanza kusambaa mapema miaka ya 1980. Ufinyanzi haukuwa jambo geni, wala jiko la bati. Hata wazo la kuviunganisha viwili hivyo lilitoka Thailand.

Hata hivyo, jiko hilo la kigeni halikupokelewa jinsi lilivyokuja. Baada ya kusikiliza maoni ya watumiaji, wataalamu na mafundi wa jua kali walilifanyia marekebisho. Walilipa kiuno chembamba na kitako kipana ili lisiyumbe mtu anaposonga ugali, na kigae wakakiweka sehemu ya juu pekee ili kupunguza uzito na gharama.

Kwa kuwa kigae huhifadhi joto, jiko hilo hupunguza matumizi ya makaa kwa takriban thuluthi moja hadi nusu likilinganishwa na lile la bati tupu. Kwa familia inayonunua makaa kila siku, hiyo ni pesa ya unga au ya karo. Fauka ya hayo, fundi aliyezoea jiko la zamani aliweza kuunda jipya kwa vifaa vile vile, na mafundi walipoongezeka, bei ilishuka.

Hivyo basi, kipimo cha ubunifu si tuzo wala hataza. Mitambo mingi hushangiliwa maonyeshoni kisha ikaishia ghalani. Swali la kuuliza ni iwapo kitu hicho kitaendelea kununuliwa, kutengenezwa na kutumiwa baada ya wafadhili kuondoka.