Makataa ya Kuifunga Dadaab

Makataa ya kuifunga Dadaab ni kauli ya kisiasa ambayo Wakenya wamekwisha kuizoea. Kiongozi wa serikali, aghalabu baada ya shambulio la kigaidi, hutangaza kwamba kambi za wakimbizi za kaunti ya Garissa ni maficho ya magaidi na zitafungwa kabla ya tarehe fulani. Tarehe hufika, ikapita, kambi zikabaki. Kauli hii si uongo mtupu, na nguvu yake inatoka hapo hapo. Al-Shabaab wameua watu wengi Garissa, silaha huvuka mpaka kwa magendo, na hakuna mkazi anayehitaji kuhadithiwa hayo. Upotoshaji huanza pale ukweli huo unapofungwa shingoni mwa watu ambao ushahidi haukuwataja.

Kambi za Dadaab, yaani Ifo, Hagadera na Dagahaley, zilianzishwa 1991 na 1992, karibu kilomita 100 kutoka mji wa Garissa, kwa ajili ya watu 90,000 waliokimbia vita vya Somalia. Ukame wa 2011 ulipoisha, idadi ilikuwa imepita 450,000.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Aprili 2015. Tarehe 2 alfajiri wanamgambo wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku moja tu kabla, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amezipuuza hadharani tahadhari za usafiri zilizotolewa na nchi za kigeni. Kikosi maalumu cha Recce kilikawia Nairobi kwa saa kadhaa, hata wanahabari waliosafiri kwa gari wakakitangulia kufika. Maswali ya wiki ile yalikuwa hayo: nani alionywa, na kwa nini ndege haikuruka mapema.

Serikali yenyewe ilitoa majina. Aliyetajwa kupanga shambulio ni Mohamed Kuno, Mkenya aliyewahi kufundisha madrasa mjini Garissa. Tarehe 5 Wizara ya Mambo ya Ndani ikathibitisha kwamba mmoja wa washambuliaji, Abdirahim Abdullahi, alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi na baba yake ni chifu kaunti ya Mandera, yaani mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Siku sita baadaye, tarehe 11, Naibu Rais William Ruto akalipa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, miezi mitatu kuwahamisha wakimbizi wa Dadaab, la sivyo serikali ingewahamisha yenyewe. Akaongeza kwamba Garissa ingeibadilisha Kenya kama Septemba 11 ilivyoibadilisha Marekani.

Kauli hiyo ilihamisha swali. Badala ya kuuliza nani alifanya na nani alizembea, mjadala ukawa ni wapi pa kufunga. Mkimbizi hapigi kura, hana mbunge, wala hawezi kuitisha mkutano na wanahabari Nairobi, kwa hiyo kumtaja hakumgharimu msemaji kitu. Mlinganisho na Marekani nao ulipandisha hasira kuwa sera. Mwaka huo huo Kenya ilitangaza kujenga ukuta mpakani mwa Somalia, kabla Donald Trump hajaanza kuunadi wa kwake kama mgombea. Kufikia 2018 "ukuta" ulikuwa uzio wa waya wa kilomita chache karibu na mji wa Mandera.

Vyombo vya habari vina sehemu yao. Makataa yanapotolewa hupata ukurasa wa kwanza. Siku yanapoisha bila lolote, hakuna mhariri anayetuma mpigapicha. "Duru za usalama" zisizo na jina hunukuliwa leo, kesho mchambuzi wa televisheni anazirudia kama jambo lililothibitishwa. Zaidi ya yote, mkimbizi na mwenyeji huchorwa kama watu wa dunia mbili. Garissa mambo hayako hivyo. Miaka ya ukame familia nyingi za Kikenya zilijiandikisha kambini ili zipate mgao wa chakula na matibabu, na alama zao za vidole zikaingia kwenye sajili ya wakimbizi. Kijana wa familia kama hiyo alipotimiza miaka 18 na kwenda kuomba kipande, aliambiwa kompyuta inamtambua kama mgeni. Walioathirika ni makumi ya maelfu. Na hilo neno "mzigo" linasahau soko: utafiti wa 2010 ulikadiria kwamba kambi huwaingizia wenyeji kiasi cha dola milioni 14 kwa mwaka.

Kulaumu eneo zima kwa kosa la wachache hakukuanza na Dadaab. Enzi ya vita vya kujitenga vya kaskazini mashariki mwa Kenya miaka ya 1960, jina "shifta", yaani jambazi, lilitosha kumhukumu mfugaji yeyote, na sheria za hali ya hatari hazikufutwa hadi 1991. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, ni wakazi wa Bulla Kartasi walioteketezewa makazi.

Mwanzoni mwa 2017 siasa za Kenya na za Marekani zilikutana kambini. Januari 27 Trump, akiwa rais, alitia saini amri ya kuwazuia Wasomali kuingia Marekani, na wakimbizi wa Dadaab waliokwisha kuhojiwa na kupimwa afya wakafutiwa safari. Siku chache baadaye mshauri wake Kellyanne Conway aliitetea amri hiyo kwa kutaja "mauaji ya Bowling Green", mauaji ambayo hayakutokea kamwe. Februari 9 jijini Nairobi, Jaji John Mativo akabatilisha agizo la 2016 la kuifunga Dadaab, akisema lilikuwa la kibaguzi na adhabu ya jumla.

Hukumu haikuizima lugha. Machi 2021 waziri Fred Matiang'i aliipa UNHCR siku 14 kuleta mpango wa kufunga kambi, kisha tarehe mpya ikatajwa, Juni 30, 2022. Nayo ikapita. Machi 2025 ulizinduliwa Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza Dadaab na kambi nyingine ya wakimbizi, Kakuma, ziwe makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule na hospitali zile zile. Aliyeuzindua ni Rais William Ruto.