Kioo hakikuwa kibovu

Wiki hii nazungumzia kitu ambacho wengi wetu tumekwishakitupa: monita ya kompyuta ya chogo, lile sanduku zito lenye kisogo kirefu. Katika safari zangu za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, nimezikuta zimerundikwa nyuma ya vibanda vya mafundi. Ukiuliza, unaambiwa ni mbovu. Mimi nasema baadhi yake hazikuwa mbovu hata kidogo, na sababu imo katika historia yetu.

Kwanza tuelewe jinsi picha inavyosimama. Ndani ya chogo kuna mwale wa elektroni unaochora mstari chini ya mstari, kama mkulima anayelima tuta kutoka kushoto kwenda kulia. Akifika mwisho hurudi mwanzo, na kurudi huko kunataka muda. Kompyuta ndiyo inayotoa ishara ya kurudi. Ishara ikija mapema au ikichelewa, picha hulala, hukatika vipande au hukimbia juu bila kusimama.

Basi kila monita ina hesabu yake. Mtindo wa VGA, ulioletwa na IBM mwaka 1987, huchora mistari 525 kwa kila picha, ingawa inayoonekana ni 480. Iliyobaki ni muda wa mwale kurudi juu. Kila mstari una nukta 800, zinazoonekana ni 640. Zidisha mistari 525 kwa picha 60 za kila sekunde, unapata mistari 31,500. Televisheni yetu ya zamani ilichora 15,625 tu, yaani nusu. Monita ya IBM ya mwaka 1981, ya maandishi ya kijani, ilitaka mistari 18,432 na picha 50. Vioo vitatu, sura moja, chakula tofauti! Tena vile vya kale havikuwa na kinga. Ukivilisha kasi isiyo yake, ile transfoma ambayo mafundi huiita flaibeki huweza kuungua.

Nani angetufundisha hesabu hizi? Serikali yetu ilikuwa na kompyuta katika Wizara ya Fedha tangu miaka ya 1960, lakini mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni nayo, Zanzibar walikuwa na ya rangi mapema miaka ya 1970, ilhali Bara tulingoja vituo vya watu binafsi mwaka 1994. Wazee walisema zumari ikipigwa Unguja, hucheza watu wa maziwa makuu. Hii ilipigwa miaka ishirini, watu wa ziwani hatukucheza. Fundi wa Ngara alijua redio vizuri sana. Mwale wa chogo angejifunzia wapi?

Kisha mambo yakaja kwa mkupuo. Tarehe 28 Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda walianza kumiminika kupitia daraja la Rusumo, na kwa siku moja hivi UNHCR ilikadiria watu 250,000. Kambi ya Benaco ikageuka mji. Mashirika ya misaada yakaja na jenereta, simu za setilaiti na kompyuta. Mwaka 1995 Radio Kwizera ikaanza kutangaza kutoka Ngara. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarejeshwa kwao. Teknolojia iliingia kwa lori, lakini elimu yake haikupakiwa humo.

Fundi mmoja wa Biharamulo alinionyesha jambo lililonifungua macho. Mteja alileta monita inayotetemeka kama yenye homa. Fundi hakushika bisibisi. Aliuliza stabilaiza huwekwa wapi, akaambiwa ubavuni mwa monita. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, picha zilikuwa 60. Tofauti ni 10, na mara kumi kwa sekunde sumaku ya stabilaiza ilikuwa ikiisukuma picha. Alimwambia aisogeze mbali, basi. Mteja alikwenda na monita yake bila kulipa hata senti.

Je, elimu hii imekufa pamoja na chogo? La hasha. Televisheni bapa ya leo yenye mistari 1,080 bado hupokea ishara ya mistari 1,125 kwa kila picha, na kila mstari wa nukta 1,920 hutumwa kama nukta 2,200. Nafasi ya kurudi ipo palepale, ingawa hakuna tena mwale wa kurudi. Kijana anayeona maandishi yanayosema ishara iko nje ya uwezo wa kioo, akakitupa, anarudia kosa lilelile la jalalani.

Ndugu zangu, mafundi waliojifunza hesabu hizi kwa kuunguza vidole sasa wanazeeka, na wengi hawakuandika. Vyuo vyetu vya ufundi viwaite wafundishe. Nawe nyumbani, kabla hujatamka neno mbovu, geuza kioo usome kibandiko cha mgongoni, kisha ulinganishe na kompyuta yako. Na kama chogo limekufa kweli, usilivunje mbele ya watoto: kioo chake kina madini ya risasi.