Sungura Mwenye Beji: Jozi ya Wapelelezi Wanyama na Urithi wa Hurafa

Katika hurafa, mnyama huingia masimulizini akiwa na tabia iliyokwisha kuamuliwa: mbweha ni laghai, simba ni mtawala, sungura ni mjanja. Hadithi ya upelelezi, kinyume chake, hujengwa juu ya shaka. Hakuna ajuaye mhalifu ni nani hadi ushahidi utolewe. Jozi ya wapelelezi wanyama ni zao la mgongano wa kanuni hizi mbili, na watunzi wake wameushughulikia mgongano huo kwa namna tofauti.

Steve Purcell wa Marekani aliukwepa. Katuni yake, Sam & Max, ilianza kuchapishwa mwaka 1987, ikafuatwa na mchezo wa kompyuta mwaka 1993 na mfululizo wa televisheni mwaka 1997. Sam ni mbwa mwenye suti na kofia, mpenda sentensi ndefu. Max ni kiumbe mfano wa sungura, asiyevaa kitu na apendaye fujo. Wawili hao hupambana na uhalifu jijini New York wakijiita polisi wa kujitegemea. Unyama wao haufafanui lolote, wala wenyeji wa jiji hawaushangai. Tashtiti inawalenga walinda sheria wenyewe, ambao huvunja mengi kuliko wanayoyalinda.

Filamu ya Zootopia (2016), iliyoongozwa na Byron Howard na Rich Moore, ilichagua kuukabili mgongano huo. Judy, sungura wa kwanza kuwa polisi mjini, anapewa saa 48 kumtafuta mnyama aliyepotea, akisaidiwa na Nick, mbweha tapeli. Muda huo unakumbusha 48 Hrs. (1982), filamu ya Walter Hill iliyomwunganisha polisi Mzungu na mfungwa Mweusi. Hapa ndipo penye hatari. Tofauti ya rangi inapogeuzwa kuwa tofauti ya spishi, chuki huweza kuonekana kuwa na msingi wa kimaumbile. Hata hivyo, mbweha hula sungura.

Filamu inajibu kwa njia ya upelelezi. Judy mwenyewe anawaambia waandishi wa habari kwamba ukali wa wala nyama umo katika maumbile yao, na kauli hiyo inamvunja moyo Nick. Ushahidi wa baadaye unaonyesha kwamba walipigwa risasi zenye sumu ya maua, kwa njama ya kondoo. Hata hivyo, kichekesho maarufu zaidi cha filamu, cha karani wa leseni aliye mnyama wa kutambaa polepole mno, hakichekeshi pasipo imani ile ile ambayo kesi inaikanusha. Yaelekea watunzi walilitambua deni hilo: mwishoni, karani huyo ndiye anayekamatwa kwa kuendesha gari kwa kasi. Hurafa inacheka kwanza. Upelelezi unakuja baadaye kuisahihisha.