Koltani, mashine ya michezo na kipimo cha prosesa

Tarehe 4 Machi 2000, Sony ilianza kuuza PlayStation 2 huko Japani. Wakati huo Kasongo na Kabambare zilikuwa chini ya RCD, na familia nyingi zilikuwa zimehama. Mwishoni mwa mwaka huo bei ya koltani, inayochimbwa Maniema pia, ilipanda sana, kwani viwanda vya simu na kompyuta vilitafuta tantali. Aprili 2001, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba madini ya Kongo yalikuwa yanalisha vita.

Prosesa ya mashine ile ilipiga mipigo karibu milioni 295 kwa sekunde. Leo michezo yake inachezwa kwenye kompyuta kupitia programu ya PCSX2. Programu hiyo ni kama mkalimani: kila neno la Kibangubangu analirudilia kwa Kiswahili papo hapo. Kazi hiyo inataka prosesa yenye nguvu kuliko ile ya zamani. Kwa hiyo wapimaji wanahesabu picha: mchezo wa picha 60 kwa sekunde ukitoa 40, prosesa imeshindwa.

Kipimo hicho kinaonyesha mbio ya mashine. Bei waliyolipa wachimbaji na wahami haimo.