Kuudhika: maneno ya Kiingereza na matumizi yake Tanzania

Maneno ya kuudhika ni yale yanayotaja hali ya moyo iliyo kati ya kutoridhika na hasira kamili. Kwa Kiingereza kundi hili lina annoyed, irritated, bothered, upset, troubled, vexed, cross, mad na fed up. Kiswahili kina kuudhika, kukereka, kukwazika, kuchukia na kununa, mbali na hamaki na ghadhabu zilizo ngazi ya juu zaidi. Makala hii inahusu jinsi maneno hayo ya Kiingereza yanavyofundishwa na kutumiwa nchini Tanzania, na baadhi ya mifano yake ni ya Sengerema, wilaya ya Mkoa wa Mwanza iliyo magharibi mwa Ghuba ya Mwanza. Huko watu huzungumza Kizinza, Kisukuma au Kijita nyumbani, Kiswahili sokoni na mwaloni, na Kiingereza darasani, ambako ndiyo lugha ya kufundishia kuanzia kidato cha kwanza. Kwa wanafunzi wengi, basi, annoyed ni neno la lugha ya tatu.

Asili

Annoy limepitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini, katika usemi uliokuwa na maana ya kitu kuwa chukizo kwa mtu. Trouble limetokana na neno la Kilatini la kuchafuka, kama maji yaliyovurugwa, na vex na la kutikisa. Udhi, adha, karaha na bughudha zetu zimetoka Kiarabu. Jambo la kushangaza zaidi liko kwenye hasira yenyewe: kwa Kiarabu asili yake ni neno la majuto na huzuni, na anger ya Kiingereza imetoka katika lugha ya kale ya Skandinavia, ambako nayo ilikuwa huzuni. Lugha hizi mbili hazikushauriana, lakini zote zilianzia kwenye uchungu na kuishia kwenye hasira.

Nani kaudhi, nani kaudhiwa

Kosa la kwanza katika madaftari ya Kiingereza ni la sarufi, wala si la msamiati. Kiswahili hutaja hali ya sasa kwa kiambishi -me-: nimechoka, nimeshiba, nimeudhika. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa -me- ni have huandika I have annoyed, akidhani amesema ameudhika. Mwingereza atakayeisoma ataona sentensi imekatika, na atauliza: umemuudhi nani? Kilichohitajika ni I am annoyed, maana Kiingereza huitaja hali hiyo kama sifa, kwa kitenzi cha kuwa.

Kosa la pili ni pacha wa hilo. I am boring na I am annoying huandikwa na kijana anayetaka kusema amechoshwa au ameudhika, kumbe amejitangaza kuwa yeye ndiye mchoshi na msumbufu. Dawa iko katika Kiswahili chenyewe, na ni ajabu kwamba haitumiki sana darasani. Anayejua tofauti ya naudhi na nimeudhika, au ya nakera na nimekereka, tayari anaijua tofauti ya annoying na annoyed. Kauli ya kutendeka -ik- hukaa upande wa -ed, na kitenzi kisicho nayo hukaa upande wa -ing. Mwalimu akiandika jozi hizo mbili ubaoni, kazi kubwa imekwisha.

Vihusishi navyo vina mtego. Kiswahili hutosheka na «na»: nimekerwa na konda, nimekerwa na foleni. Kiingereza huweka with kwa mtu, na at au about kwa jambo. Kwa hiyo mtu ni annoyed with konda na annoyed about foleni.

Uzito wa kila neno

Annoyed na irritated ni za muda mfupi, na irritated hutumika hata kwa ngozi au macho yanayowasha. Bothered ni nyepesi zaidi. Troubled haina hasira. Ni wasiwasi unaomkosesha mtu usingizi, karibu na kufadhaika. Upset huwachanganya wengi kwa sababu hubeba huzuni na hasira pamoja, na msikilizaji huamua kwa muktadha. Cross ni ya Uingereza zaidi, na mara nyingi hutumika kwa mzazi na mtoto. Mad kwa Mmarekani ni kukasirika, ilhali kwa Mwingereza kwanza ni wazimu. Vexed ni nadra katika mazungumzo ya kawaida ya Uingereza.

Yaliyohamia Kiswahilini

Baadhi ya maneno ya Kiingereza yameingia katika Kiswahili cha mtaani na kubadilika maana. Mind kwa wenyewe si hasira, na mara nyingi huonekana katika swali au ukanusho, lakini kumaindi Tanzania ni kuudhika. Bore ni kuchosha kwa kutovutia, ila «ananiboa» ni ananikera. Panic ni taharuki ya hofu, ilhali «kapaniki» ni kapandwa na hasira.

Matumizi yake hufuata umri na heshima. Katika basi la kwenda Mwanza, konda aliyechelewesha chenji humwambia kijana mwenzake, «Oya, usimaindi, chenji ipo.» Akimgeukia mama mtu mzima aliyeketi nyuma, lugha inageuka: «Mama, shikamoo. Samahani kama nimekukwaza, chenji yako naitafuta.» Kukwaza, neno lililozoeleka sana makanisani, linasema kosa lipo na ni la msemaji. Kumaindi hupunguza uzito, kana kwamba yaliyotokea hayastahili hasira. Konda akimwambia mama huyo asimaindi, atakuwa ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Kero

Neno gumu kuliko yote kulipeleka Kiingereza ni kero. Kamusi hulipa annoyance, na kwa inzi au kelele inatosha. Katika mikutano ya hadhara, hata hivyo, kero ni shida ya umma inayosubiri mkubwa aishughulikie: kero ya maji, ya barabara, ya kivuko. Wasafiri wa Sengerema walipanga foleni za vivuko kati ya Busisi na Kigongo kwa miaka mingi, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, tarehe 19 Juni 2025. Kuiita hali ile annoyance ni kuidharau. Problem inafaa zaidi, na malalamiko yakiwa dhidi ya mamlaka, grievance ndiyo sahihi. Uzito huo unaonekana pia katika siasa: zilizojulikana kama kero za Muungano kati ya Bara na Zanzibar, siku hizi serikalini huitwa hoja za Muungano.

Kwa anayeanza kujifunza, annoyed na upset zinatosha kwa mahitaji mengi. Mad aiache mpaka ajue anazungumza na Mmarekani au Mwingereza, na kumaindi asiifasiri kabisa kwa mind, kwani hakuna atakayemwelewa nje ya Afrika Mashariki.