Kwanzaa: sikukuu ya maneno ya Kiswahili, mbali na Uswahilini

Kila ifikapo tarehe 26 Desemba, katika nyumba nyingi za Wamarekani wenye asili ya Afrika, vikiwamo vitongoji vinavyouzunguka mji mkuu Washington, wenyeji huamkiana kwa maneno haya: "Habari gani?" Mswahili angejibu "njema". Hapa jibu ni "Umoja". Kesho yake jibu ni "Kujichagulia", kisha Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, na tarehe 1 Januari, Imani.

Kwa msemaji wa Kiswahili anayeishi ughaibuni, jambo hili hustaajabisha. Ameziacha sikukuu zake mbali, naye anakaribishwa katika sikukuu yenye maneno ya kwao, ambayo huko kwao haisherehekewi. Wapo wanaotabasamu, na wapo wanaosema ni sikukuu ya kubuni tu. Lakini kabla ya kuicheka, ni vyema kuitazama historia ya watu walioihitaji, na mahali pamoja pa kuitazama ni Bladensburg.

Mji huu mdogo wa jimbo la Maryland, kando ya Mto Anacostia, ulianzishwa mwaka 1742, ukawa bandari ya tumbaku. Vitabu vya historia huukumbuka kwa mapigano ya tarehe 24 Agosti 1814, ambapo majeshi ya Uingereza yaliwashinda Wamarekani, na usiku huo yakaingia Washington na kuzichoma moto Ikulu na Bunge. Watu weusi walikuwamo katika pande zote mbili. Wapo watumwa waliotoroka na kuvaa sare za Uingereza. Upande wa Marekani alikuwapo Charles Ball, aliyezaliwa utumwani Maryland, ambaye alisimama kwenye mzinga wake. Katika masimulizi ya maisha yake yaliyochapishwa mwaka 1837, Ball anaeleza kwamba babu yake aliletwa kutoka Afrika na kuuzwa katika jimbo hilo.

Tumbaku hiyo ililimwa na watumwa. Hadi sensa ya mwaka 1860, walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wote wa Prince George's, kaunti ambayo ndani yake umo mji wa Bladensburg. Frederick Douglass, naye mzaliwa wa Maryland, ameandika kwamba siku zilizo kati ya Krismasi na Mwaka Mpya watumwa walipewa mapumziko, na kwamba mabwana walipenda kuwaona wakilewa ili fikra za uasi zitulie. Tarehe 1 Januari mara nyingi ilikuwa siku ya kukodishwa kwa bwana mwingine, mume akatenganishwa na mkewe. Sikukuu ilikuwapo, lakini haikuwa yao. Nyingi kati ya zile walizotoka nazo Afrika zilipotea pamoja na lugha zao. Uhuru ulifika Maryland tarehe 1 Novemba 1864.

Wiki hiyo hiyo ya mwisho wa mwaka ndiyo iliyochaguliwa na Bw. Maulana Karenga alipoianzisha Kwanzaa huko California mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya ghasia za Watts mjini Los Angeles. Jina lilitokana na "matunda ya kwanza", likaongezewa herufi moja. Mababu wa washerehekeaji wengi walitoka Afrika Magharibi na Angola, wala si pwani yetu. Hata hivyo Kiswahili kilipendelewa kwa kuwa si lugha ya kabila moja, na zama hizo sauti ya Mwalimu Nyerere, aliyeandika juu ya Ujamaa mwaka 1962, ilikuwa ikisikika mbali. Ni kweli pia kwamba lugha hii ilisikika katika misafara ya watumwa iliyoelekea soko la Unguja, lililofungwa mwaka 1873. Wajukuu wa watumwa hawakuachiwa lugha isiyo na doa.

Je, sikukuu iliyobadilika si ya kweli? Tutazame Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako kila Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa. Vijana hupigana kwa mashina ya migomba ili kumaliza chuki za mwaka uliopita, na kibanda cha makuti huchomwa moto. Asili yake huhusishwa na Nairuzi ya Uajemi, ambayo huko Iran huangukia mwezi Machi. Kalenda ya pwani ilihesabu siku 365 bila siku ya nyongeza, na tarehe ikasogea karne baada ya karne. Leo hakuna anayewaambia watu wa Makunduchi kwamba mwaka wao si wao.

Kwa hiyo Mswahili wa ughaibuni anayelazimika kuiahirisha karamu ya Idi hadi Jumapili kwa sababu ya kazi, asidhani ameivunja mila. Na akialikwa kwenye mkeka wa Kwanzaa, asiende kama mtazamaji. Anaweza kuwafundisha watoto wa nyumba hiyo matamshi ya Kujichagulia, na kuwasimulia habari za Makunduchi, huku akijifunza kwao namna watu walionyang'anywa sikukuu zao walivyojitengenezea nyingine.